Kijana Aliyeonja kwa Pua

Vitunguu vya kitoweo cha kuku havitaki haraka. Hukatwa vidogo vidogo mpaka vifanane na mchele, kisha hukaangwa vikavu juu ya moto mdogo, vikigeuzwa na kugeuzwa, mpaka vilegee vyenyewe na kubadilika rangi, ndipo mafuta yaingie, na pilipili iingie baada ya mafuta. Bi Zenebech alifundishwa hivyo na mama yake, naye hakuwahi kuvikimbiza hata siku moja. Jumamosi ile alikuwa amekaa uani kwake, Addis Ababa, na beseni zima la vitunguu mbele yake. Kushoto kwake alikaa Bi Yeshi, jirani wa ukuta mmoja, na kulia kwake binti yake Emebet. Wote watatu walikuwa wakitokwa na machozi.

Emebet alishukuru kwa vile vitunguu. Siku hiyo hakuna aliyemuuliza kwa nini analia.

"Lia, mwanangu, lia," Bi Yeshi alimtania, akijifuta pua kwa kiwiko. "Msichana asiyelia kabla wazee hawajaja kumposa, atalia wakishaondoka."

"Atalia kwa lipi?" Mama yake akadakia. "Kijana mwenyewe mzuri, mcha Mungu, mama yake mtu wa watu."

Ndani ya nyumba redio ilikuwa ikisoma habari. Ikapunguzwa sauti, na Mzee Mulugeta akachungulia dirishani, miwani ikiwa juu ya paji la uso.

"Kuku wa nini huyo?"

"Wa wageni wa kesho," mkewe akajibu bila kuinua kichwa.

"Nilisema waje. Sikusema wale. Wataingia wamesimama, watasema wamesimama, na watatoka wamesimama."

Bi Yeshi akaguna. Wote walijua maana yake. Wazee wa posa wakija hawakai, hata wavutiwe kiti cha namna gani. Husimama pale mlangoni na fimbo zao mpaka baba wa binti awape neno la kuwakalisha, au awape tarehe nyingine. Kuwaacha waondoke hivi hivi, bila neno wala tarehe, ni kofi.

"Mulugeta, hao ni wazee wa watu," alisema Bi Zenebech.

"Na huyu ni binti wa watu! Hebu niambieni, mimi labda sijasoma vya kutosha. Wametoka chuo kimoja hawa wawili. Wameingia mafunzo ya kazi kampuni moja, meza moja, mwalimu mmoja, kuonja kahawa ileile. Nafasi ya kuajiriwa ikawa moja. Binti yangu kaipata, kijana kaachwa. Kaachwa kwa nini? Mwanamume aliyeshindwa na kikombe cha kahawa, mke atamweza?"

Bi Yeshi alicheka mpaka kisu kikamponyoka. Bi Zenebech naye aliuma mdomo, cheko likimtoka puani. Emebet peke yake ndiye ambaye hakucheka. Kisu chake kilikuwa kimesimama katikati ya kitunguu. Baba yake alikuwa ameuliza swali la maana, kaachwa kwa nini, na mwenye jibu alikuwa amekaa pale pale kwenye kigoda, mita chache kutoka dirishani, akitazama vidole vyake.

Jibu lenyewe lilikuwa hivi.

Ule mfungo mrefu wa kabla ya Pasaka uliwakuta wakiwa katikati ya mafunzo. Kwa wafungaji wa kweli, hakipiti kitu kinywani mpaka alasiri, si chakula, si maji. Na kahawa huonjwa asubuhi, ulimi ukiwa bado haujachafuka. Vikombe hupangwa mezani safu kwa safu, mwonjaji huchota kwa kijiko, huvuta kwa kishindo mpaka kahawa imwagikie ulimi mzima, kisha hutema kwenye kopo na kuandika alama. Emebet alipiga moyo konde. Aliacha nyama, siagi na maziwa kama wenzake, lakini asubuhi alionja. Kila alipotema alihisi ametema na mfungo wake pia. Aliwaza, Mungu atanielewa, nina kazi ya kutafuta.

Surafel, kijana mwenyewe, hakuonja. Emebet aligundua hilo wiki ya kwanza, kwa kuwa alisimama upande wa pili wa meza na macho yake hayakuwa na kazi nyingine ila kumtazama kijana yule. Surafel alichota, akapeleka kijiko mdomoni, akavuta hewa kwa kishindo kama wote. Lakini midomo yake haikugusa kitu. Kahawa ilikwenda moja kwa moja kwenye kopo. Alama zake alizitoa puani.

"Umeniona," alimwambia Emebet jioni ile, wakiosha vijiko.

"Nimekuona. Una wazimu?"

"Mama alipolazwa mwaka jana niliapa. Akitoka mzima, mfungo wa mwaka huu nitaufunga wote, sitauchezea hata asubuhi moja. Katoka mzima. Sasa unataka nimdanganye Mungu?"

"Mwambie mwalimu, Mzee Nuredin, basi."

"Aseme nini? Kwamba amempata mwonjaji asiyeonja?" Akacheka kidogo, kisha akamtazama namna ambayo Emebet alisahau vijiko vimo mikononi mwake. "Siri hii nimekupa wewe. Tunza."

Akaitunza. Aliitunza wiki baada ya wiki, na katika kuitunza mapenzi yakakomaa, maana hakuna kinachowasogeza watu wawili karibu kama siri ya mmoja mfukoni mwa mwingine.

Mpaka asubuhi ile Mzee Nuredin, mkuu wa waonjaji, alipotega vikombe. Kati ya vikombe vitano vya kahawa moja ya Jimma, kimoja alikitia buni zilizochachuka. Emebet alivuta, akatema, akavuta tena, ulimi umemuungua, hakukiona. Surafel alikiinamia, akakisogeza pembeni kwa kidole kimoja.

"Mashallah," akasema Mzee Nuredin mbele ya wote. "Huyu kijana ana ulimi ambao sijauona tangu nizeeke."

Na Emebet, aliyeuvunja mfungo wake kila asubuhi kwa ajili ya kazi, akamtazama asiyeuvunja akisifiwa. Kitu kikamchoma kifuani. Akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, na kicheko juu yake kama sukari juu ya dawa:

"Ulimi gani, Mzee? Surafel haonji, ananusa tu!"

Hakucheka mtu. Surafel mwenyewe alikuwa ameshatoka na kopo kwenda kulimwaga, hakusikia. Mzee Nuredin alimtazama Emebet kwa muda. Kesho yake alisimama nyuma ya Surafel tangu kikombe cha kwanza hadi cha mwisho. Kabla Pasaka haijafika, Surafel aliitwa ofisini akaambiwa kampuni haiwezi kumweka mezani mtu anayeandika alama za kitu ambacho hakikugusa ulimi wake. Nafasi akapewa Emebet.

Surafel aliamini mzee amemgundua kwa macho yake. Emebet alimwacha aamini hivyo. Siku ya Pasaka alikwenda kwao, na mama yake Surafel, mama aliyetoka hospitali kwa ile nadhiri, akafinyanga tonge nono la injera na kuku, akamlisha kwa mkono wake mwenyewe. "Kula, mwanangu. Wewe ndiye uliyemfariji Surafel wangu." Tonge la mkono wa mtu halikataliwi. Emebet alilimeza. Tangu siku hiyo chakula chochote kilimpita kooni kama kimeota miba.

Pale uani, simu ilitetema mfukoni mwa aproni yake. Surafel.

"Njoo Kaliti saa saba," alisema, sauti yake imejaa. "Nina habari ambayo sitaki kukuambia kwenye simu."

Emebet alimwambia mama yake anafuata iliki. Bi Yeshi akamkonyeza. "Iliki hiyo ina ndevu au haina?"

Huko Kaliti, kwenye maghala, Surafel alikuwa ameanza mafunzo mengine, yasiyo na mshahara kabisa, ya kutoa sampuli. Kutwa alichoma bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji, kwenye magunia, akakinga buni kiganjani, akamwaga kwenye vibati. Alitoka getini shati limejaa vumbi la kahawa, nyusi zimekuwa kama za mzee. Wakasalimiana kwa kugusanisha bega kwa bega, wakakaa kwenye kibanda cha mama mmoja muuza chai. Surafel aliupangusa ule ubao wa kukalia kwa leso yake kabla Emebet hajakaa. Mambo madogo kama hayo ndiyo yaliyokuwa yakimuua.

"Umekonda," alisema Surafel.

"Na wewe umezeeka. Tazama nyusi."

"Hizi? Nimepaka makusudi. Nataka baba yako anione mtu mzima." Akacheka, kisha akamwinamia. Macho yake yalikuwa na furaha ya mtoto aliyeficha kitu nyuma ya mgongo. "Nimepata mzee wa tatu. Padri wetu wa maungamo wa kwanza, fundi Haile jirani yetu wa pili. Bashiri nani wa tatu."

"Sijui."

"Mzee Nuredin!"

Chai ikamrukia Emebet mkononi.

"Pole! Imekuunguza?"

"Hapana. Mzee Nuredin yupi?"

"Wako wangapi? Nilimfuata nyumbani kwake juzi. Nilimwambia, Mzee, wewe ndiye uliyenitoa, lakini wewe ndiye unayejua mimi si mvivu. Ukisimama mbele ya baba yake Emebet, atakusikiliza. Alinipa maji, akanyamaza weeee, mpaka nikadhani kasinzia. Kisha akasema atakuja."

"Akasema hivyo tu?"

"Kasema na jingine." Surafel alikuna kichwa. "Kasema, 'Kwanza nenda kaonane na binti. Ukae naye. Kama ana neno la kukuambia, mwache aseme. Kama hana, mimi nakuja.' Wazee nao! Mimi nimecheka. Nikamwambia Emebet hana neno asiloniambia."

Muuza chai alikuwa akipuliza makaa. Lori liliingia getini kwa kurudi nyuma, mtu akilielekeza kwa kupiga kofi ubavuni mwake. Emebet aliona wazi njia mbili zilizokuwa mbele yake. Akinyamaza, kesho yule mzee atasimama mlangoni kwa baba yake, akijua, na atamtazama Emebet kama alivyomtazama ile asubuhi. Na hatasema. Angeweza kuolewa hivyo. Watu wangapi wameolewa hivyo.

"Ninalo," alisema.

"Unalo nini?"

"Neno."

Surafel alitabasamu bado, lakini mkono wake uliacha kuchezea kijiko.

"Mzee Nuredin hakukuona kwa macho yake. Aliambiwa."

"Na nani?"

Akajaribu kumtazama, akashindwa, akalitazama vumbi kwenye kola yake. "Siku ya kile kikombe kilichochachuka. Ulipotoka na kopo. Alikusifu, Surafel. Akasema una ulimi. Na mimi nikasema... nikasema huonji. Nikasema unanusa tu."

Lori lilizimwa.

"Ulisema kwa utani," alisema Surafel taratibu, kama anayempa mtu kamba.

Ingekuwa rahisi kuishika. "Nilicheka," Emebet akajibu. "Lakini haukuwa utani. Nilikuonea wivu. Mimi niliuvunja mfungo wangu kila siku, nikaungua ulimi, sikuona kitu. Wewe uliutunza wako na bado ukanishinda. Niliona Mungu amekupa vyote viwili. Nikataka upungukiwe kimoja."

"Ukajua kitakachotokea?"

"Nilijua kabla sijafunga mdomo."

Surafel alisogeza kikombe chake mbali kidogo, kwa kidole kimoja.

"Nilidanganya," alisema. "Hilo ni langu. Niliandika alama za ulimi kwa pua, na mzee alikuwa na haki ya kunitoa. Juzi kaniambia, ningemweleza tangu mwanzo angenipangia vikombe vyangu alasiri, kwani yeye mwenyewe mwezi wa Ramadhani huonja baada ya kufuturu. Nililia njia nzima. Kwa hiyo kazi, Emebet, kazi sikudai."

"Nitaiacha. Jumatatu naandika barua, namwambia Mzee akurudishe..."

"Nyamaza." Hakupaza sauti. "Usinirudishie kazi kama sahani ya jirani. Kaa pale. Onja. Kama inakukera, ikukere."

"Surafel..."

"Unajua kinachoniuma? Usiku ule nilipotolewa nilikupigia simu wewe. Kabla ya mama. Ulinibembeleza. Ulisema, 'Mungu ana makusudi yake.' Ukaja Pasaka, ukala mkononi mwa mama yangu. Wivu naujua, hata mimi ninao. Lakini wiki zote hizi nimekuwa nikipumzisha kichwa changu kwenye bega gani?"

Machozi yalimjaa Emebet, akayazuia kwa nguvu, maana aliona hata kulia mbele yake kungekuwa kumwomba kitu.

"Baba anasema wewe umeshindwa na kikombe cha kahawa," alisema mwishowe. "Leo kasema. Bi Yeshi akacheka. Mama akacheka."

"Na wewe?"

"Nilikata vitunguu."

Surafel akainuka. Aliweka hela ya chai chini ya kikombe, ya chai zote mbili. "Wazee nitawaambia wasije. Siwezi kumleta mzee mwenye heshima zake asimame mbele ya baba yako nikitukanwa uvivu, na wewe umekaa chumba cha pili unajua ukweli. Sijasema sikutaki. Sijui ninachosema. Nina magunia yananingoja."

Akaenda. Hakugeuka, ingawa getini alisimama kidogo, mgongo umeinama, kama mtu aliyesahau kitu alichokuwa akikifuata.

Emebet alirudi nyumbani bila iliki. Vitunguu vilikuwa vimeshageuka rangi, pilipili imeshaingia, ua wote unanukia hadi kwa majirani. Bi Yeshi alikuwa akimenya mayai ya kuchemsha. Baba yake alikuwa ametoka nje na redio yake, ameketi kivulini.

"Iliki iko wapi?" akauliza Bi Yeshi.

Emebet hakuketi. Alisimama katikati ya ua, mikono imeshikana tumboni.

"Baba, uliuliza Surafel kaachwa kwa nini."

"Niliuliza, hakuna aliyenijibu."

"Nakujibu mimi."

Bi Zenebech aliona uso wa binti yake. "Twende ndani, mwanangu."

"Hapana, mama. Alichekwa hapa, na Bi Yeshi akiwepo. Na ukweli usemwe hapa hapa, naye awepo."

Akausema wote. Nadhiri, pua, siri, kile kikombe, kile kicheko. Akasema na tonge la Pasaka. Hakujipunguzia. Mahali alipoona sentensi inataka kupinda imsaidie, aliirudia upya. Mwiko ulisimama chunguni mpaka kitoweo kikaanza kushika chini, na Bi Zenebech, mtu ambaye hakuwahi kuunguza chungu, hakusikia harufu.

Mzee Mulugeta alizima redio. Alivua miwani, akaikunja, akaifungua, akaikunja tena.

"Mtaa mzima," alisema, "nimeutangazia kwamba binti yangu kawashinda wanaume."

"Najua, baba."

"Hujui. Kanisani nimesema. Kwa kinyozi nimesema." "Kijana anaweka nadhiri kwa ajili ya mama yake, na nyumba yangu inamla. Na huyo mzee wa Kiislamu anayajua yote haya?"

"Anayajua. Na alikubali kuja kumsemea."

"Na hajakutaja?"

"Hajanitaja."

Bi Yeshi alikuwa bado ameshika yai moja, nusu limemenywa.

"Mpigie simu huyo kijana," alisema Mzee Mulugeta. "Mwambie wazee waje. Sijui nitawaambia nini, usimwahidi kitu. Lakini mlango nitaufungua mimi, na kabla hawajasema neno, mimi ndiye nitakayesema la kwanza. Kuna maneno nimeyasema dirishani pale, nayo ni yangu kuyaokota."

Emebet aliingia chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda. Simu iliita mpaka akadhani haitapokelewa.

Ikapokelewa. Hakusikia salamu, ila pumzi, na nyuma yake watu wakihesabu magunia kwa sauti.

"Nimewaambia," alisema.

"Nani?"

"Baba. Mama. Na Bi Yeshi, kwa hiyo kesho asubuhi mtaa mzima utajua. Baba anasema wazee waje. Hajasema atawajibu nini. Na mimi sikuombi kitu, Surafel. Nimepiga kwa kuwa kanituma. Usipotaka waje, nitamwambia, na itakuwa haki yako."

Emebet alisikia mlango wa chuma ukivutwa, zile sauti za wahesabuji zikafifia, akajua Surafel ametoka nje. Alijiandaa. Alikuwa amefumba macho akingoja atukanwe, na kwa kweli alitamani atukanwe, maana tusi lingekuwa na mwisho wake.

"Umekula?" Surafel akauliza.

Sauti ilikuwa ya uchovu, haina utamu wowote ndani yake. Aliuliza tu, kama alivyokuwa akimuuliza kila jioni, hasira zake zote zikiwa palepale.

"Bado," alisema Emebet.

"Nenda kale kwanza," alisema Surafel. "Mimi bado nimekukasirikia."

Akaishika simu kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, na machozi aliyoyazuia Kaliti yakamtoka yote.